Kuvu kwenye nyanya: namjibu ndugu yangu wa Nachingwea

Niliwahi kuandika kwamba wapo kuvu wanaoishi kwenye mizizi ya nyanya, wanailisha na kuiongezea virutubisho. Juzi niliandikiwa na ndugu mmoja wa Nachingwea. Salamu hakuna. "Kaka, hao kuvu wako ni utapeli. Nimeagiza pakiti ya kuvu Dar, nimetia kwenye mashimo pamoja na mbolea ya DAP kama kawaida, nyanya zimetoka zilezile. Na hayo mambo ya virutubisho umeyatoa wapi?"

Sikukasirika, nimezoea. Huku Kusini ukitaja kuvu umetaja adui. Ikifika Juni kila mwenye mikorosho anaamka alfajiri kupuliza salfa kwa ajili ya ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho unaoletwa na kuvu, mashine zinanguruma, vumbi la njano linatua mpaka kwenye bustani za majirani. Sasa simama mbele ya watu hao useme unataka kuvu waingie kwenye mizizi ya nyanya zako, tena kwa hiari yako.

Mimi nilisimama. Ilikuwa kwenye kikao cha kikundi cha kuweka na kukopa, naomba mkopo wa mipira ya kumwagilia bustani yangu hapa Ndanda. Nikaulizwa mpango wangu, nikaueleza wote, na kuvu wangu ndani. Mzee mmoja akauliza, kwa upole kabisa, huo ukungu nikishauvuna nitaupeleka soko gani. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mkopo ukaenda kwa mtu wa bodaboda. Nyumbani nilimwambia mke wangu kikao kimeahirishwa. Hadi leo nikiwakuta wamekaa chini ya mwembe nawasalimia, lakini sisimami.

Kilichoniuma ni kwamba wote waliocheka wanalima muhogo. Nani kati yao anatia mbolea kwenye muhogo? Hakuna. Na mchanga wetu huu mwekundu wa kuanzia Newala kushuka huku ni maskini wa fosforasi. Muhogo unaishi kwa sababu mizizi yake imeshikwa na kuvu wanaoitwa maikoriza. Wanaingia ndani ya mzizi, halafu wanatoa nyuzi nyembamba kuliko unywele zinazokwenda mbali kuliko mzizi unavyoweza kufika, zinaleta fosforasi, zinki na shaba. Mmea nao unawalipa sukari. Ni kama wavuvi na mwenye chombo, kila mmoja anachukua fungu lake. Hata mkorosho wenyewe unao kuvu hao mizizini, huku juu ya majani tunapigana na ndugu zao wa mbali.

Nyanya nayo inawapokea vizuri. Mipira nilikosa, nikamwagilia kwa ndoo, lakini kuvu niliwapata bure. Nilipanda juu mlimani kwenye pori ambalo halijalimwa miaka mingi, nikachimba udongo wenye vizizi vyembamba vya nyasi. Nikachanganya na mchanga niliokaanga kwenye moto ili kuua vidudu, nikajaza ndoo kuukuu zilizotobolewa chini, nikasia mtama ili kuvu waongezeke kwenye mizizi yake. Mbolea ya dukani sikutia. Mtama ulipofikisha miezi mitatu hivi niliacha kumwagilia, ukakauka, nikakata juu nikatupa, mizizi na udongo wake nikaikatakata. Hiyo ndiyo mbegu yako ya kuvu. Inatiwa kwenye kitalu au kwenye shimo, igusane na mzizi wa mche. Ukiitandaza juu juu umepoteza kazi. Na udongo usichukue palipowahi kulimwa nyanya, bilinganya wala pilipili, utabeba mnyauko na minyoo fundo uje nayo shambani.

Katikati hapo kuna palizi, kanitangaze (yule mdudu anayetoboa nyanya) na kuamka usiku kufukuza ngedere. Unayajua hayo, tuyaruke.

Msimu ule nyanya zilikuja ngumu, nyekundu mpaka ndani, zinavumilia safari. Yuko mama mmoja anayeuza sokoni Mtwara mjini. Alichukua tenga moja kwa kusitasita, siku hizi ananipigia kabla madalali hawajajua nimechuma. Mipira nimenunua kwa fedha yangu. Nasema tu.

Virutubisho nimevitoa wapi? Watafiti wa Pisa, Italia, walichapisha mwaka 2012 majaribio yao ya nyanya zilizopandwa na kuvu hawa na zisizo nao. Zenye kuvu zilikuwa na zinki zaidi kwa asilimia 28, na laikopeni, ile rangi nyekundu inayosaidia kulinda chembe za mwili, zaidi kwa asilimia 18.5. Hizo ni nyanya zao. Zangu hazijaenda maabara, kwa hiyo sokoni siziiti dawa, na wewe usiziite dawa. Namwambia mteja azipike kwa mafuta au tui, maana laikopeni inaingia mwilini vizuri zaidi ikipikwa na mafuta kuliko kwenye kachumbari. Mchuzi wa samaki wa nazi wa bibi zetu ulishalimaliza hilo kabla ya Waitaliano.

Sasa DAP yako, ndugu yangu. Hapo ndipo ulipomfukuza mgeni uliyemwalika mwenyewe. Mmea ukishiba fosforasi ya dukani hauna haja ya kumlipa kuvu sukari, unamfungia mlango. Tia samadi iliyooza vizuri, na kama lazima utumie DAP iwe kidogo sana. Usimwagie viuakuvu kwenye udongo wa kitalu, hasa vile vya jamii ya kabendazimu. Usiwatarajie kwenye kabichi wala figiri, mimea hiyo haiwapokei. Na usiliache shamba tupu mwaka mzima, kuvu hawa hawakui wala kuongezeka bila mzizi hai. Mbaazi zinawatunza vizuri.

Tatizo letu vijana tunaotaka kutoka kwa kilimo ni haraka. Tunataka gari la mzigo kabla ya msimu wa pili, tunanunua kila kitu chenye picha ya nyanya kubwa, tunachanganya vyote kwenye shimo moja, halafu tunaandikiana ujumbe wa matusi. Kitu chenye uhai kinataka subira. Anayekucheka leo mwache acheke, wewe mwagilia.

Pakiti iliyobaki usiiache chini ya bati, joto litawaua. Kama haijaisha muda, isie na mtama kwenye ndoo mwezi Februari. Mei unaposia nyanya kitaluni utakuwa na mbegu yako mwenyewe, na Dar hutahitaji kuagiza tena.