Khanga za bibi, sauti ya babu

SWALI: Mama yangu alifariki miezi mitatu iliyopita. Ameacha doti kadhaa za khanga, nami nataka wanangu wawili, wa miaka 4 na 9, wapate kitu cha kumkumbukia bibi yao. Fundi anasema atashona mito, lakini naogopa kuziharibu. – Mama wa wawili, Tanga

JIBU: Poleni sana na msiba, dada. Kabla ya kumpelekea fundi chochote, hakikisha ndugu zako wameridhia. Nguo za marehemu ni sehemu ya mirathi, na kuna nyumba hugombana miaka kwa sababu ya khanga moja.

Kisha toa moja aliyoivaa ambayo haijafuliwa, na usiifue. Harufu ndiyo hutoweka kwanza. Ikiwa kavu kabisa, itie kwenye mfuko mzito wa plastiki unaofungika na uitoe hewa. Ikiwa na unyevu itavunda. Vile vidonge vyeupe vya naftalini usivitie: vitafunika harufu unayoitaka, tena ni sumu, na mtoto wa miaka 4 huvidhani peremende.

Sasa mito. Kila mtoto achague doti yake mwenyewe. Kipande kimoja kikatwe, cha pili kibaki kizima mpaka akue. Kipande cha khanga huwa na takriban sm 150 kwa 110, na mafundi wengi hukata mto wa mraba wa sm 40 kutoka katikati ya mji, yaani eneo la ndani lililozungukwa na pindo. Maua utayapata, ila jina la khanga, yale maneno yaliyochapwa juu yake, litaishia kwenye mabaki, na pengine jina ndilo lililomfanya bibi ainunue. Pima jina kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho, ongeza sm 4 kila upande: huo ndio urefu wa mto. Upana sm 30 unatosha. Utatoka mto mrefu, mwembamba, na watoto huukumbatia vizuri kuliko wa mraba.

Khanga iliyovaliwa sana huwa imelika. Iinue kwenye mwanga; ikionyesha upande wa pili, iwekewe marekani (kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi) kwa nyuma na zishonwe pamoja kama kitambaa kimoja. Marekani ifuliwe kwanza kwa maji ya moto, kwani hunywea. Usipofanya hivyo mto utakunjamana baada ya kufuliwa mara moja. Jaribu rangi pia: sugua pembe ya khanga kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Ikichuja, ifue peke yake kwa maji baridi hadi maji yatoke safi. Sufi ikae kwenye mfuko wake wa ndani, na foronya iwe na zipu. Mshono upite mara mbili, maana huyo mdogo ataukokota kila mahali.

Mdogo huyo huyo hatabaki na kumbukumbu nyingi zake mwenyewe, kwa hiyo mto bila maelezo utakuwa mto tu. Andika kwa kalamu isiyofutika juu ya utepe wa pamba: bibi aliinunua wapi, aliivaa siku gani. Ushone ndani ya foronya.

SWALI: Marehemu baba aliwatumia wajukuu ujumbe mwingi wa sauti kwa WhatsApp. Nabadilisha simu, nizihifadhije sauti hizo? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Pole kwa kumpoteza mzee. Usiifute simu ya zamani kwanza. Kama mpangilio wa ujumbe unaojifuta umewashwa, usichelewe, kwani kuuzima hakuzuii ujumbe uliokwisha kutumwa kujifuta. Fungua mazungumzo yake, bonyeza kila ujumbe kwa muda, uutume kwenye barua pepe yako. Kwenye Android, faili litakuja na jina kama PTT likifuatwa na mwaka, mwezi na siku. Lipe jina linaloeleweka, lakini tarehe iache. Tengeneza nakala za mp3, kwani redio nyingi za gari hazisomi opus, aina ya faili la sauti la WhatsApp, na faili asilia libaki. Weka nakala mahali pawili zaidi. Flashi peke yake haitoshi, huharibika bila onyo.

Watoto wasikie kwanza zile za kawaida: babu akitania, akimwita mjukuu kwa jina. Zilizorekodiwa akiwa mgonjwa zikae kando mpaka waulize wenyewe.