Mchele mweusi wa Marekani kwenye meza ya Krismasi

SWALI: Shangazi habari, niko hapa Jinja, Uganda, shemeji yangu kaja Krismasi kutoka Minnesota akatuletea pakiti ya nusu kilo, anasema ni mchele mwitu, mweusi tii na mwembamba kama sindano. Mama mkwe kauangalia tu akasema huu umeungua. Nataka niuweke mezani na luwombo ya kuku (ile ya kupikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba) lakini tutakuwa watu kama 20, halafu napikia sigiri, jiko la mkaa. Nifanyeje? – Mama Pacha

JIBU: Banange Mama Pacha, mwambie mama atulie, haujaungua, ndo rangi yake. Na huu si ndugu wa karibu wa supa wala Kibimba, michele yetu ya kila siku, ni mbegu za majani yanayoota ndani ya maji, kwenye maziwa ya huko Minnesota mpaka Kanada, Waojibwe, wenyeji wa asili wa huko, wanaingia na mtumbwi, mmoja anausukuma, mwingine anainamisha majani kwa kijiti na kuyagonga kwa kijiti cha pili, mbegu zinadondokea ndani ya mtumbwi.

Sasa kikubwa ni hiki, usiupike sufuria moja na supa. Supa dakika 20 imeiva, huu unataka 45 mpaka lisaa zima, kwa hiyo mmoja utakuwa uji na mwingine bado unagonga meno. Tena asubuhi ya Krismasi sigiri ni ya matoke na luwombo, nani atakuachia lisaa? Upike tarehe 24 jioni. Loweka tangu asubuhi, osha, kikombe 1 cha mchele maji vikombe 4, chumvi, ukichemka ziba kamlango ka sigiri moto upungue, funika. Maji yakibaki usihangaike, unachuja kama makaroni. Anza kuangalia mapema: mbegu zinapasuka ubavuni, tumbo jeupe linachungulia, ukitafuna bado kuna ukakamavu kidogo, hapo toa. Zikijikunja zote kama vipande vya kamba umepitiliza. Na kama wa kwako ni wa kahawia, sio mweusi wa kung'aa, huo huiva haraka sana, onja kuanzia dakika 15.

Watu 20 wasikutishe, kikombe 1 kikavu kinatoa 3 hadi 4 vilivyoiva. Weka kwenye friji, kesho yake pika supa yako kilo 2 kavu kavu. Kaanga vitunguu vingi na siagi, karoti, na uyoga, ule wa kienyeji wa butiko ukiupata sokoni ndo raha yenyewe, halafu mimina mchele wote miwili ugeuze polepole mpaka upate moto. Karanga za kukaanga nyunyiza juu mwishoni, sio mapema, zinalegea. Zabibu kavu shemeji atazitaka, mi naona zinaharibu, ziweke pembeni kwa bakuli achote mwenyewe.

Pilipili manga usisahau, na viungo vya pilau usiweke kabisa, vinafunika ile ladha yake ya moshi.