Hoho jirani na pilipili mbuzi: zitawasha?

Mkuu uliyeuliza kama hoho zako zitawasha kwa kuwa umezipanda tuta moja na pilipili mbuzi, kula bila wasiwasi. Nalima hoho huku Lushoto na swali hili halikosi kila msimu.

Tunda ni la mche wenyewe. Chavua ya jirani inabadilisha mbegu iliyo ndani tu, hoho unayochuma leo inabaki vilevile. Kasheshe ni ukikausha hizo mbegu ukazisia msimu ujao, maana ukali ukirithiwa hata upande mmoja, mtoto anawasha. Na wa kuogopwa zaidi ni pilipili ndefu: yeye na hoho ni spishi moja, Capsicum annuum, wanachavushana kirahisi. Mbuzi ni Capsicum chinense, ndugu wa pembeni kidogo. Jirani yangu alikamua mbegu za hoho zilizokaa kando ya pilipili ndefu. Akavuna vitu vyembamba, vimechongoka, na mama muuza chipsi aliyevitia kwenye kachumbari akaja juu kwelikweli.

California Wonder, aina ya hoho isiyo chotara, unaweza kukamua mbegu zake mwenyewe ikiwa shamba limejitenga. Chotara (F1), yaani mbegu iliyotokana na kuchanganya aina mbili, usihangaike, watoto hawafanani na mama.

Kijani na nyekundu? Hoho ileile, nyekundu imeachwa ikaiva. Bei iko juu kwa sababu inakaa shambani wiki kadhaa zaidi, wadudu na vibaka wote wanaiona. Habari za hoho "dume" ya vitako vitatu na "jike" ya vinne ni porojo. Ua moja lina dume na jike humohumo.

Aliyeuliza namna ya kupunguza ukali wa mbuzi: kwangua ule utando mweupe unaoshika mbegu. Ukali unatengenezwa pale, mbegu zinapakwa tu.

Pilipili manga si ukoo huu kabisa. Ndugu wa hoho ni nyanya, bilinganya, nyanya chungu na viazi mviringo, na undugu huo una gharama: wanaambukizana ugonjwa wa mnyauko bakteria, na vimelea vyake hubaki udongoni. Kabla hujahamishia miche pale nyanya zilipokauka ghafla zikiwa bado za kijani, kata kipande cha shina la nyanya karibu na ardhi, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi, usikitikise. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka taratibu, hao ndio bakteria wenyewe, panda mahindi hapo. Hoho tafutia shamba jingine.