Maswali yenu: Dola, mabalozi na ndege za Mboya

Swali: Dola ilipataje kuwa sarafu ya dunia nzima?

Jibu: Julai 1944 wajumbe wa nchi 44 walikutana Bretton Woods, Marekani, wakakubaliana sarafu zao zipimwe kwa dola, na dola ipimwe kwa dhahabu: wakia moja dola 35. Ulaya ilikuwa hoi kwa vita, angebisha nani? Mwaka 1971 Rais Nixon wa Marekani aliikata dola na dhahabu, lakini dunia ilishazoea.

Swali: Ni kweli Wamarekani waliijenga Ulaya bure?

Jibu: Zile dola bilioni 13 hivi za Mpango wa Marshall, walizoipa Ulaya baada ya vita kuanzia 1948, nyingi zilikuwa msaada. Ila walitaka wateja wa bidhaa zao, na walihofia njaa isiwasukume watu kwa wakomunisti.

Swali: Waliwezaje kuhubiri uhuru huku wakibagua weusi kwao?

Jibu: Waliaibika, tena hadharani. Mwaka 1961 Malick Sow, balozi wa Chad, akielekea Washington, aliomba kahawa kwenye mkahawa wa Route 40, Maryland. Akafukuzwa. Hakuwa mwanadiplomasia wa kwanza wa Kiafrika kufanyiwa hivyo kwenye barabara hiyo, na Moscow, yaani Wasovieti waliokuwa mahasimu wa Marekani, ilikuwa ikizipokea habari za namna hii kwa mikono miwili. Rais Kennedy alituma maofisa wakawabembeleze wenye mikahawa.

Hapo waandishi watatu weusi wa gazeti moja la Baltimore wakajivika kama waheshimiwa kutoka Goban, nchi ya Kiafrika waliyoibuni wenyewe. Mikahawa kadhaa ikawahudumia! Mweusi wa kwao hapohapo Maryland asingepata hata kiti.

Sheria ya kuukomesha ubaguzi huo nchi nzima ilikuja 1964. Msiipe Moscow sifa zote, lakini. Waliopigwa na kufungwa kwa kukaa kwenye viti walivyokatazwa ndio walioilipia.

Swali: Ndege za Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, zilizopeleka wanafunzi kusoma Marekani zililipwa na serikali ya Marekani?

Jibu: Hapana. Ya kwanza, 1959, ilibeba wanafunzi 81 kwa michango ya watu, akina Jackie Robinson, mchezaji wa besiboli, na Harry Belafonte, mwimbaji, wakihamasisha. Mwaka uliofuata, ambao Wangari Maathai naye alikwenda, serikali iliombwa ikakataa. Mfuko wa familia ya Kennedy ulipoahidi dola 100,000, serikali nayo ghafla ikajitolea dola 100,000, lakini zilizopokelewa ni za Kennedy. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, Kennedy na Nixon wakigombea kura za weusi.