Charger ya zambarau imepauka: maswali yenu ya vigari, na majibu ya fundi

Mwezi huu mmenitumia maswali mengi ya vigari vya kuunganisha, sijui upepo gani umepita Tanga hii. Nimechukua matatu. Hilo la kwanza ntalijibu kwa urefu maana linanigusa mwenyewe, miaka mingi nimepiga rangi magari ya kweli gereji na macho yalipoanza kuchoka ndo nikahamia kwenye magari ya kuweka mezani, ajabu eti, macho yamechoka ndo unaenda kwenye vidogo.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi kijana wa Ngamiani, barabara ya 14. Mjomba wangu ni baharia kaniletea boksi la kuunganisha la Dodge Charger ya 1970, kile kipimo cha 1 kwa 25, yenye injini ya Hemi, ile kubwa ya silinda nane. Nimeunganisha wiki mbili vizuri tu, juzi mvua imekatika baada ya magharibi nikatoka uani nikapuliza rangi ya kopo ya zambarau, nikalala na furaha. Asubuhi nakuta imepauka, ina ukungu mweupe kama imemwagiwa uji. Halafu injini nimeikamilisha yote ila ukiitazama ni toi tu, haina uhai. Nataka mtu akiona picha adanganyike kuwa ni gari la kweli. Nisaidie.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza hongera kwa rangi, maana Charger ya 1970 kweli iliuzwa na zambarau kiwandani, waliiita Plum Crazy, na ukiiona ni ile ile ya zambarau mbivu za kwetu zinazochafua mashati ya shule.

Sasa huo uji. Hujakosea rangi, umekosea saa. Thina ikiruka kutoka kwenye rangi inapooza pale ilipotoka, kama spiriti ya sindano inavyokupoza mkono. Hewa ya Tanga baada ya mvua na jua limeshazama imejaa maji, ikigusa sehemu ilopoa maji yanatua juu ya rangi mbichi, rangi inakauka imeyafungia ndani na ndo weupe huo. Sisi tunasema waja leo waondoka leo, lakini unyevu ukishaingia kwenye duko, rangi ya kupuliza, huo hauna safari! Hata gereji ilikua hivyo hivyo, masika nimewahi kurudia mlango mmoja mara tatu mwenye gari kakaa kwenye benchi ananitazama.

Usiikwangue, inapona. Iache ikauke kabisa siku mbili tatu, subiri siku yenye jua, kuanzia saa nne asubuhi umande umeshaondoka mpaka kama saa nane, weka kopo kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu dakika chache (uvuguvugu nimesema, sio maji ya chai, na moto usiusogeze kabisa kopo linalipuka), halafu puliza koti jepesi sana la rangi ile ile kama unavumbisha unga. Thina mpya inalainisha ya zamani na maji yanapata pa kutokea. Ngoja, rudia. Koti nne nyepesi ni bora kuliko moja la kumwaga. Na uvae kitambaa puani, ukae uwanjani, sio chumbani na watoto.

Hujaniambia kama ulianza na praima, ile rangi ya msingi. Kama hukuanza nayo una bahati, maana plastiki ya hivi vigari ni polistairini na thina kali ya rangi za magari inaila, bodi linapasuka pasuka kama ngozi ya kobe. Siku nyingine jaribu kwanza kwenye ule mti wa plastiki ulioshika vipande, ule mnaoutupa. Mie siutupi.

Tukitoka kwenye rangi ndo tunafika kwenye shida yako kubwa, na nataka unisikilize vizuri hapa. Gari lako halionekani toi kwa sababu umekosa vitu, linaonekana toi kwa sababu vitu vyake ni VINENE. Kila unachotaka kuweka kizidishe kwanza mara 25 uone kingekua na unene gani kwenye gari la kweli. Injini yangu ya kwanza niliiwekea waya za plagi kutoka kwenye waya wa simu wa milimita moja, nikajisifu mtaa mzima, kuja kupiga hesabu moja mara 25 ni milimita 25, yani nimefunga mpira wa kumwagilia bustani kwenye plagi. Waya wa plagi wa gari lile ni milimita 7 hivi, gawa kwa 25 unapata 0.28. Kwa hiyo tafuta waya wa 0.3. Nenda kwa fundi anaesuka mota na feni, pembeni ya benchi lake kuna koili zilizoungua kajaza ndoo, muombe kipande cha waya mwembamba wa shaba, pitisha rangi nyeusi isiyong'aa koti moja basi. Uzi wa cherehani usitumie, una manyoya, kwenye picha utaonekana kama waya umeota ndevu.

Unahitaji waya tisa. Nane za plagi na mmoja unaotoka katikati ya distributa, kile kinachogawa moto kwa plagi, kwenda kwenye koili ya kuwashia. Distributa ya plastiki toboa vishimo nane duara na kimoja katikati, na usitoboe kwa sindano ya moto plastiki inayeyuka tundu linakua pango la Amboni. Sonara au fundi saa ana keekee ndogo za kuzungusha kwa vidole, muombe kwa adabu atakuazima ila ukae hapo hapo dukani kwake, ukivunja unanunua.

Halafu usichomeke ovyo ovyo. Silinda za Hemi zimepangwa 1, 3, 5, 7 upande wa kushoto alipo dereva, kuanzia mbele kwenda nyuma, na 2, 4, 6, 8 upande wa kulia. Zinawaka kwa mpangilio wa 1-8-4-3-6-5-7-2 na rota ya distributa inazunguka kinyume cha saa, basi waya zifuate hivyo hivyo kwenye kofia. Utaniuliza nani atahesabu? Atatokea. Siku moja atakuja fundi wa magari kweli atainama atafuata waya kwa kidole, na ukiwa umekosea hatasema neno, atacheka tu kwa pua anyooke aagize chai.

Kitu kingine cha Hemi, plagi hazipo ubavuni kama injini nyingi za V8, zimepita katikati ya zile kava pana za juu. Kava ni nyeusi zenye mikunjo mikunjo sio za kung'aa, gusagusa rangi kwa kipande cha sponji utaipata. Bloku ya injini ni chungwa. Rejeta ipake nyeusi tupu ikauke, halafu chukua brashi karibu kavu yenye silva kidogo sana, ipitishe juu juu tu, vile vimstari vitaamka vyenyewe. Hapo uhai umeingia.

Na ujue unachokitengeneza ni nini. Wamarekani waliziita gari za misuli, bodi la kawaida la kati lisilo la bei ya kutisha limebebeshwa injini ya ajabu ili kijana alimudu. Wengi wanahesabu mwanzo kwenye Pontiac GTO ya 1964 yenye injini ya lita 6.4. Hemi yako ni inchi za ujazo 426, karibu lita 7, nguvu za farasi 425 kwa hesabu ya kiwanda. Silinda MOJA tu ya hiyo injini ina ujazo wa karibu bodaboda sita za cc 150. Zilikuja kuzimwa na bima za juu, sheria za moshi, na 1973 mafuta yakapanda dunia nzima. Ndo maana wazee wa kule wanazililia mpaka leo, nasi tunazililia hatujawahi hata kuzisikia zikiunguruma.

Haraka haraka mengine. Mistari ya milango na boneti ichimbe kidogo kwa mgongo wa wembe kabla ya rangi, maana rangi huijaza (wewe umeshachelewa, weka akilini kwa lijalo). Kromu ya boksi inang'aa kupita kiasi na ina alama za kiwanda chini yake, loweka kwenye jiki itatoka yote, safisha alama kwa msasa laini upake silva. Ila ile bampa ya mbele inayozunguka grili mimi ningeiacha na kromu yake, ndo sura ya Charger ya 1970. Fremu za madirisha tumia foili ya jikoni nyembamba kabisa na gundi kidogo, ikandamize kwa pamba ya masikioni mpaka ikae, kata kwa wembe mpya, mpya nasema. Vioo usibandike kwa supaglu, mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye kioo na kwa unyevu wetu ndo balaa, tumia gundi nyeupe ya mbao ikikauka haionekani. Tairi zipitishe msasa juu zising'ae kama viatu vya mgambo. Na zile tairi laini zikikaa kwenye joto zinatoa mafuta yanayokula rimu za plastiki, utakuja kukuta rimu imezama. Paka rimu rangi ndani kabla hujavalisha, na kigari usikiache kwenye kioo cha gari juani.

Ukimaliza rangi subiri wiki nzima ndo uguse msasa wa maji namba 2000 na kampaundi ya kung'arishia kidogo, kwa mkono mwepesi. Kwenye kona usisugue, kona ndo rangi inaisha kwanza.

SWALI: Fundi habari za kazi. Rafiki zangu hapa Chumbageni wananicheka Mustang yangu ina usukani kushoto, wanasema nimebandika dashibodi kichwa chini. Nihamishie kulia?

JIBU: Njema. Usihamishe! Gari limetengenezwa Marekani, wanapita kulia kwa hiyo usukani uko kushoto, ukiuweka kulia umeharibu ukweli wa gari ili kuwafurahisha watu wawili wa kijiweni. Waambie wakasimame njia ya Horohoro, ya mpakani, yakipita magari ya kigeni yenye usukani kushoto wayasimamishe wayaambie yamebandikwa vibaya. Dashibodi yako ukitaka iwe na uhai, toa pini ya nguo uchovye kwenye rangi nyeupe uguse namba za mita tu. Basi.

SWALI: Asalaam alaykum mjomba. Mie ni binti wa Muheza, sina mjomba baharia wala hela ya boksi. Naweza kutengeneza gari la misuli kwa vitu vya hapa hapa? Na nikimaliza nikupigie picha vipi lionekane kubwa?

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu, swali lako ndo nimelipenda kuliko yote ila usiwaambie wengine. Unakaa Muheza, mkonge umekuzunguka, unaniuliza vitu? Mlingoti wa mkonge uliokauka ni mwepesi, unakatika kwa kisu cha jikoni, sisi tumekua tunachonga magari na meli kwa huo huo, magurudumu ya soli ya ndala. Tofauti ni kwamba sasa utapima.

Chukua hiyo hiyo Charger ya 1970. Kutoka katikati ya tairi la mbele mpaka katikati ya la nyuma ni inchi 117, yani milimita 2972, ukigawa kwa 25 unapata 119. Urefu wote ni kama mita 5.28, kwako inakua milimita 211. Upana kama milimita 78. Chora ubavu wake kwenye boksi la biskuti kwa vipimo hivyo, kata, bandika pande mbili za gogo la mlingoti ndo uchonge kufuata karatasi. Usichonge kwa macho, macho yanapenda kufupisha pua ya gari na Charger bila pua ndefu inakua Corolla. Mlingoti una vitundu kama sponji kwa hiyo piga gundi ya mbao ilochanganywa na maji, ikauke, msasa, tena gundi, tena msasa, mpaka kucha ikipita isikwame. Hapo ndo praima. Mwenzio wa Ngamiani ana wiki mbili, wewe jipe miezi.

Zulia la ndani watu watakushauri katani kwa kuwa tupo Tanga. Usiweke, unyuzi wa katani hapo ndani utaonekana kama makuti. Kwangua manyoya ya kipande cha sufu, paka gundi sakafuni, nyunyiza, kung'uta.

Picha sasa. Watu wote wanapiga kwa kusimama, simu iko juu, gari linaonekana toi hata lingekua zuri vipi. Mtu wa kawaida ukimgawa kwa 25 hafiki sentimita saba, macho yake yapo kama sentimita sita na nusu kutoka chini. Basi weka kigari nje kwenye saruji jua la asubuhi, lala kifudifudi simu iguse chini kabisa, lensi iwe kwenye urefu huo, rudi nyuma kidogo kisha vuta, na nyuma yake kuwe na kitu cha mbali, mti au nyumba ya jirani. Fagia mchanga kwanza. Punje moja ya mchanga hapo ni jiwe la kujikwaa.