Vocha ya dola nne iliyookoa maili 31,000

Miaka kadhaa iliyopita nilifungua akaunti yangu ya AAdvantage, mpango wa American Airlines wa kuwapa wateja maili, yaani pointi za kulipia tiketi, nikakuta onyo kwamba maili 31,000 na ushei zingefutika baada ya siku 19. Maili zile zilikuwa jasho langu. Nilizipata kwa safari za Houston hadi Dar kupitia Doha, safari ambazo ukishuka miguu imevimba na viatu havivaliki. Kanuni yao ni kwamba akaunti ikikaa miezi 24 bila kuingiza wala kutumia maili, unazipoteza zote. Mimi sikuwa na safari karibuni, wala sikuwa na kadi ya mkopo ya shirika hilo.

Nikanunua vocha ya kula.

Huku Marekani kuna wauzaji wa vocha za migahawa kwa bei ya kutupa, na Restaurant.com ndiyo inayojulikana zaidi. Wakati ule vocha ya dola 25 iliuzwa dola 10, na siku za punguzo ilishuka hadi dola 4, hata 2. Mgahawa unafaidika kwa kupata mteja ambaye asingepita mlangoni. Maili unazipata usipokwenda moja kwa moja kwa muuzaji. Unaingia kwanza kwenye ukurasa wa manunuzi wa shirika la ndege (huu wa American unaitwa AAdvantage eShopping), unamtafuta muuzaji humo, unabofya, ndipo unanunua. Shirika linalipwa kamisheni kwa kukupeleka kule, na sehemu ya kamisheni hiyo unapewa wewe kama maili. Wauzaji huingia na kutoka kwenye kurasa hizi, na viwango hubadilika wiki hadi wiki, kwa hiyo angalia siku hiyohiyo unayonunua.

Nililipa dola 4. Kiwango kilikuwa maili 10 kwa dola, nikapata maili 40. Zilichukua siku tisa kuingia, na siku zote tisa nilikuwa nachungulia akaunti kama mtu anayesubiri matokeo ya kidato cha nne. Zilipoingia, miezi 24 ikaanza upya. Usisubiri wiki ya mwisho kama mimi.

Hapo ndipo vocha hizi zinapolipa kweli. Kuna watu huja na ndoto kubwa, wakidhani vocha ya dola 25 inahesabiwa maili za dola 25. Hapana. Maili zinahesabiwa kwa ulicholipa, yaani zile dola 4. Tiketi ya daraja la kawaida kutoka Marekani hadi Afrika kwa ndege za mashirika washirika kama Qatar, kwenye jedwali la AAdvantage, ni maili 40,000 kwenda tu. Kwa maili 40 kila vocha, unahitaji vocha elfu moja. Haba na haba hujaza kibaba, sawa, lakini hili ni tangi la juu ya ghorofa.

Zinafaa pia kuziba pengo. Kurasa hizi huwa na bonasi za msimu, hasa shule zinapokaribia kufunguliwa na kabla ya Krismasi: ukifikisha kiasi fulani kwa jumla ya maduka yote, unaongezewa maili. Mwaka mmoja bonasi ilikuwa maili 500 kwa dola 150. Viatu na mabegi ya watoto vilikuwa vimenifikisha dola 138. Badala ya kutafuta kitu nisichokihitaji, nilinunua vocha tatu za dola 4.

Sasa mezani. Nilimpeleka shemeji yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, kwenye mgahawa mmoja nilioukuta kwenye orodha. Tulikula, tukanywa bia mbili, bili ikaja dola 41. Nikatoa vocha kwa madaha. Mhudumu akaisoma, akarudi na meneja. Masharti yalitaka chakula cha dola 35 au zaidi, na pombe haihesabiwi. Toa bia za dola 12, chakula chetu kilikuwa dola 29.

"Shemeji," akaniuliza taratibu kwa Kiswahili, "karatasi yako hii inalipa au hailipi?"

Tukaagiza keki ya chokoleti ya dola 7 ambayo hakuna aliyekuwa na nafasi nayo tumboni. Ililipa.

Tangu siku ile nasoma masharti kabla ya kununua: kiwango cha chini, siku zisizokubaliwa (Ijumaa na Jumamosi jioni mara nyingi), kama ni lazima ule palepale, na kama bakshishi ya asilimia 18 inaongezwa yenyewe. Bakshishi hiyo hupigwa kwenye bili kamili, kabla ya punguzo. Chukua chakula cha dola 36 hapa Houston: ongeza bakshishi na kodi ya asilimia 8.25, inafika dola 45 na senti. Kwa vocha inabaki kama dola 20 na nusu, pamoja na zile 4 ulizonunulia. Kwa mtu ambaye angekula pale hata bila vocha, nafuu ya dola 21 inazidi thamani ya maili 40 za vocha yenyewe. Kwa mtu aliyeendesha dakika 40 kwa sababu ya vocha, sijui tuseme nini.

Hiyo dola 20 iliyobaki nailipa kwa kadi niliyoisajili AAdvantage Dining, mpango mwingine unaotoa maili ukila kwenye migahawa iliyojiunga. Ni nadra mgahawa kuwa kwenye orodha zote mbili. Nikiupata, naurudia.

Kosa langu jingine lilikuwa la tamaa. Baada ya kubofya kutoka ukurasa wa maili nilifungua tovuti nyingine kutafuta namba ya punguzo, nikaipata, nikaokoa dola 1 na maili hazikuja. Namba ambayo haipo kwenye ukurasa wa maili wenyewe inaweza kukunyima maili. Programu za kuzuia matangazo nazo huharibu ufuatiliaji, zizime. Tena hifadhi risiti, maana bila hiyo huna pa kuanzia unapodai.

Siku hizi sinunui zaidi ya vocha mbili kwa mkupuo, kwani niliwahi kununua kumi, kisha mgahawa mmoja ukafungwa kabla sijafika. Kwenye simu yangu nimeweka kengele ya mwezi wa 20 tangu maili za mwisho kuingia. Na vocha ninayoipenda ni ya kijimgahawa cha Kivietnamu barabara ya Bellaire, ambako hawauzi pombe kabisa.