Ukimpeleka mtoto kuwinda, funga mdomo

Jumamosi iliyopita, siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda kwa bunduki hapa Wisconsin, Marekani, binti yangu wa miaka 13 aliangusha kulungu wake wa kwanza. Risasi moja. Nimeitangaza habari hiyo kazini, kanisani na kwa simu hadi Kondoa, na bado sijatosheka. Lakini wazazi wenzangu mnaotaka kwenda porini na watoto, sikieni kwanza ya mwaka jana, maana bado yananiuma.

Tunawinda kwenye shamba la baba mkwe, ekari 80 za vilima, mialoni na mahindi huko Richland County. Mke wangu alifundishwa na baba yake palepale. Mimi bunduki nilizoea kuziona mikononi mwa askari wa wanyamapori tu, kwa hiyo nilipopewa nafasi ya kumfundisha mwanangu, nilitaka ukweni waone kwamba nami naweza. Hapo ndipo nilipoharibu.

Binti alikuwa hajasoma kozi ya uwindaji. Mtoto wa namna hiyo sheria inamruhusu kuwinda akiwa na msimamizi aliye karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono, ili aweze kumzuia. Mkono huo mimi nikautumia kumsukuma. Dume mmoja alitokea ukingoni mwa mahindi, anatembea. Nikamgusa binti bega: "Piga! Piga sasa!" Akapiga.

Tulipofika tukakuta damu imechanganyika na majani yaliyotafunwa. Tumbo. Tulimfuata kwa tochi hadi uzio wa jirani, tukaomba ruhusa, tukaendelea mpaka saa nne usiku. Hatukumpata. Kwenye gari binti alisema neno moja tu: "Baba, alikuwa bado anatembea."

Alikuwa anasubiri asimame. Mtoto alijua, mtu mzima ndiye aliyekuwa na papara.

Miezi mingi hakutaka hata kuiona ile bunduki. Nilimwomba radhi, na ninawaambia wababa hasa: kumwomba mtoto radhi hakukupunguzii kitu. Kiangazi akasoma kozi, akafaulu, akaomba mwenyewe kurudi.

Safari hii tulipanda kibandani gizani. Nilikalia mikono yangu. Kweli, niliiweka chini ya mapaja. Kulikucha, akaja dume mzuri kuliko yule wa mwaka jana, akasimama nyuma ya tawi. Binti akamtazama kwenye darubini ya bunduki, kidole kikiwa nje kabisa ya kifyatulio, mpaka akaondoka. Moyo uliniruka lakini sikutamka kitu. Baadaye jike akatoka mwalonini, kama mita 70, akasimama ubavu. Nikasikia kitufe cha usalama kikilia *tik*, halafu pumzi yake ikitoka taratibu. Kulungu alikimbia hatua arobaini hivi, akalala. Tulikaa nusu saa kabla ya kushuka, na binti alilia kidogo. Nikamwacha alie.

Kwa hiyo mzazi, nyamaza. Nguo za rangi ya chungwa mnazijua, nusu ya kilicho juu ya kiuno, na kofia pia ukivaa. Mtutu usielekee mtu, hilo nalo mnalijua. Msichokijua, kama nami nilivyokuwa sikijui, ni kunyamaza. Uamuzi wa kufyatua ni wa aliyeshika bunduki. Akisema bado, ni bado. Mnyama akienda, aende. Shamba ni la babu, mwakani litakuwepo, lakini mtoto uliyemvunja moyo huenda asirudi humo tena. Acheni kuwatumia watoto kujitafutia sifa mbele ya wakwe! Nasema kwa ukali kwa sababu nimefanya.

Tulimsajili mnyama siku hiyohiyo, na kichwa tukakipeleka kupimwa ule ugonjwa wa kulungu unaokula ubongo, uliogunduliwa Wisconsin mwaka 2002 na umeenea sana upande wetu huu. Majibu hayajarudi. Nyama iko kwenye friza, na juu ya kila mfuko binti ameandika kwa kalamu nyeusi: "Msile bado. Baba pia."